Je, Bundi Ndio Wanaowamaliza Ndege Wadogo wa Msitu wa Arabuko-Sokoke?

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na nyumba yangu iko upande wa Gede, kusini kidogo ya Malindi, si mbali na ukingo wa msitu wa Arabuko-Sokoke. Usiku bundi huitana juu ya mwembe ulio nyuma ya nyumba, na mara kadhaa nimekuta chini yake manyoya mengi ya ndege wadogo. Baba mkwe anasema bundi hao huwala ndege wa msituni wakiwa usingizini, na anataka mwembe ukatwe kabla hawajatuletea balaa. Nami nimesoma kwamba katika misitu ya mvua bundi ndio adui mkubwa wa ndege wadogo wakati wa usiku. Je, ni kweli? Na nitamjuaje aliyeyaacha manyoya yale?

Jibu: Mwalimu, nianze na manyoya, kwa kuwa ndiyo ushahidi pekee ulio nao mkononi, nao kwa jinsi ulivyoueleza hauelekei sana kwa bundi. Bundi akimpata ndege wa ukubwa wa chozi au kwera, aghalabu humeza mzima, au humkata kichwa na mabawa kisha akammeza kiwiliwili, na kinachoanguka chini ni kidogo mno. Manyoya mengi yaliyotapakaa chini ya tawi moja lililolala ni desturi ya kipanga, ambaye hulichukua windo lake hadi kwenye tawi alilolizoea, akalibana kwa kucha na kulinyonyoa bila haraka kabla ya kula. Katika eneo lenu wako vipanga wawili wa kushukiwa. Mmoja amemzidi njiwa kwa ukubwa, na asubuhi huzunguka juu angani akitoa mlio mfupi mkavu kila baada ya sekunde mbili tatu. Mwingine ni mdogo, wa kimo cha hua tu, na hupenya kati ya matawi kwa kasi ambayo jicho haliwahi kuifuata. Wote wawili huwinda mchana, na ndege wadogo ndio sehemu kubwa ya riziki yao.

Okota manyoya machache, yale marefu ya mabawa na ya mkia, uyatazame mashina yake. Yakiwa yametoka mazima hadi kwenye ncha, pengine na alama ndogo ya mdomo ulioyabana, aliyeyang'oa ni ndege, awe kipanga au bundi. Yakiwa yamekatika kana kwamba yametafunwa, au yameshikana kwa mate katika vishada, huyo ni mnyama mwenye meno: paka wa jirani, nguchiro au kanu. Ikibaki shaka kati ya kipanga na bundi, kwa maana bundi naye hunyonyoa akimpata ndege mkubwa kidogo kama vile hua, saa itakuamulia. Fagia chini ya mwembe baada ya swala ya magharibi, kisha utoke na tochi kabla jua halijachomoza. Manyoya yakiwapo, yameanguka usiku. Yasipokuwapo alfajiri na yakaonekana saa nne za asubuhi, bundi hana kesi. Rudia kwa siku kadhaa, kwa sababu hakuna mwindaji anayefanikiwa kila siku.

Ushahidi wa bundi mwenyewe ni wa namna nyingine. Kwa kuwa humeza windo pamoja na mifupa, manyoya na magamba, tumbo lake huyeyusha nyama tu, na mabaki hukusanywa yakawa donge ambalo hulicheua baada ya saa kadhaa. Asidi ya tumbo la bundi si kali kama ya kipanga, hivyo mifupa iliyo ndani ya donge hubaki karibu mizima, na ndiyo sababu watafiti wa bundi hutegemea sana kuchambua madonge. Donge la bundi wa majumbani, yule mweupe mwenye sura ya moyo, ni jeusi, gumu na lenye kung'aa likiwa bichi. La bundi wa msituni huwa hafifu, husambaratika mvua ikinyesha mara moja, kwa sababu limejaa magamba ya mbawakawa na miguu ya panzi badala ya mifupa. Hilo peke yake linakueleza jambo kuhusu chakula chake.

Sasa tuwatazame hao bundi walivyo katika sehemu yenu, kwani kusema "bundi" bila kubainisha ni kuwahukumu wengi kwa kosa la mmoja, na wengine hata kosa hawana. Arabuko-Sokoke ni msitu wa takriban kilomita za mraba 420, na una sehemu tatu kuu: msitu mchanganyiko ulio upande wa mashariki, unaowaelekea ninyi wa Gede, ukanda wa miti ya mirihi juu ya mchanga mweupe, na kichaka kizito cha miti ya jamii ya Cynometra juu ya udongo mwekundu upande wa magharibi. Huko kwenye udongo mwekundu ndiko anakoishi bundi mdogo aliyeupa msitu huu sifa duniani, Otus ireneae, ambaye sayansi ilimpata mwaka 1965 na kumpa jina mwaka 1966, na ambaye nje ya hapa anajulikana kwenye misitu ya chini ya milima ya Usambara Mashariki, Tanzania. Watu wengi wakisikia kwamba ni bundi wa msitu adimu humdhania mwindaji wa kutisha. Urefu wake ni sentimita 16 hadi 18 na uzito wake kama gramu 50, na chakula chake ni wadudu: mbawakawa, panzi, nyenje. Ndege mdogo wa kifua cha rangi ya chungwa anayeitwa kitaalamu Sheppardia gunningi, ambaye hutembea chini ya vichaka vya msitu huohuo, hukaribia gramu 20. Bundi wa gramu 50 kumbeba ndege wa gramu 20 aliye hai na anayepapatika ni kazi isiyokuwa na faida, hasa ikiwa mbawakawa wanene wamejaa kwenye matawi.

Wala sidhani kwamba ni huyo anayeita juu ya mwembe wako, kwa kuwa hatoki kwenye kichaka chake kuja mashambani. Ukisikia wawili wakijibizana, mmoja kwa sauti nene na mwenzake kwa sauti iliyo juu zaidi, kwa mdundo unaoanza polepole na kumalizika kwa kukokotana, hao ni dume na jike la bundi wa msituni, Strix woodfordii. Ukisikia mlio mfupi mmoja unaorudiwa kila baada ya sekunde chache usiku kucha, bila kubadilika, hadi unamnyima mtu usingizi, huyo ni bundi mdogo wa mashambani, naye pia ni mla wadudu. Mlio wa kutetemeka unaorudiwa kwa mfululizo, mara nyingi jua likiwa bado halijazama kabisa, ni wa bundi mdogo mwenye kichwa cha duara na michirizi kifuani, Glaucidium capense. Na ukali wa ghafla unaofanana na sanda inayopasuliwa ni wa yule bundi mweupe wa majumbani, anayefahamika zaidi kwa wenzetu wa mji wa kale wa Lamu, ambako huweka kiota darini na kwenye magofu. Zaidi ya hao kuna bundi wakubwa wenye manyoya yaliyosimama kichwani mithili ya masikio. Mkubwa wao kuliko wote ana urefu wa zaidi ya sentimita 60, na windo lake ni la kiasi chake. Huyo hashughuliki na chozi. Anaweza, hata hivyo, kumla bundi mwenzake aliye mdogo, na ndiyo sababu bundi wadogo hunyamaza mara wakimsikia mkubwa.

Katika orodha hiyo, wanaokula ndege wadogo kwa kiasi cha kuhesabika ni watatu: bundi wa msituni, yule mwenye michirizi, na bundi mweupe. Bundi wa msituni ana uzito wa gramu 250 hadi 350, hivyo nguvu anazo, lakini chakula chake kikuu ni wadudu wakubwa, pamoja na vyura, mijusi na panya, na ndege huingia kama nyongeza. Bundi mweupe ni mla panya. Mimi ningemshuku kwanza yule mwenye michirizi, ingawa yeye ni mdogo kuliko wote watatu, kwa sababu nitakayoieleza hapa chini.

Kabla ya hapo, neno kuhusu misitu ya mvua. Arabuko-Sokoke si msitu wa mvua. Ni msitu mkavu wa pwani, unaopata kati ya milimita 600 za mvua kwa mwaka upande wa kaskazini-magharibi na zaidi ya 1000 upande wenu wa mashariki. Mkenya anayetaka kuuona msitu wa mvua wa aina ya Kongo ndani ya nchi yake hana budi kwenda Kakamega, na huko yuko bundi mdogo mwenye kifua chekundu, ndugu wa yule wenu mwenye michirizi, ambaye ndege wadogo wamo katika mlo wake pamoja na wadudu na panya. Hata hivyo, ulichokisoma kinahitaji kupunguzwa makali huko pia. Misitu ya mvua ya Afrika ina bundi wakubwa kwa umbo ambao wadudu ndio tegemeo lao. Bundi Akuni wa Afrika Magharibi na Kati ni wa jamii ya bundi wakubwa wenye masikio, na bado miguu na kucha zake ni dhaifu kwa kimo chake, kwa kuwa hushika mende na panzi zaidi ya kitu kingine. Katika nchi za joto wadudu wakubwa wapo mwaka mzima, na mwindaji mwenye akili hafuati windo gumu wakati rahisi lipo karibu.

Kinyume chake kinaonyesha jambo lilelile. Katika bustani za London, ambako panya wa mwituni ni wachache na shomoro walikuwa wengi, bundi ambaye mashambani hula zaidi panya alionekana kula zaidi ndege. Bundi hula anachokikuta. Swali lako kwa hiyo linageuka kuwa hili: katika msitu wa usiku, ndege mdogo anakutwa kwa urahisi gani?

Watu hudhani kwamba kiumbe aliyelala hana ulinzi. Kwa bundi, mambo hayako hivyo. Silaha yake kuu, hasa bundi mweupe, ni sikio. Uso wake wa duara, uliozungukwa na manyoya magumu yaliyopangika, hukusanya sauti na kuipeleka kwenye matundu ya masikio, na matundu hayo hayalingani kimo: moja liko juu kidogo kuliko jingine, hivyo sauti inayotoka chini au juu hufika kwa tofauti ndogo ambayo ubongo huigeuza kuwa mahali. Roger Payne wa Marekani, ambaye baadaye alijulikana zaidi kwa utafiti wa nyangumi, alionyesha kwa majaribio aliyoyachapisha mwaka 1971 kwamba bundi mweupe huweza kumkamata panya katika giza totoro, kwa kusikia tu mtikisiko wa majani makavu. Katika jaribio jingine la namna hiyo panya alitembezwa juu ya sakafu laini isiyotoa sauti huku akivuta kipande kilichokuwa kikichakarisha nyuma yake; bundi alishambulia kile kipande na kumwacha panya.

Zingatia maana ya jambo hilo kwa ndege aliyelala. Panya hana namna ya kutafuta chakula chake bila kuchakarisha majani, na chakula chake hukitafuta usiku. Chozi, tangu magharibi hadi alfajiri, hatembei, hali, haiti. Yuko kimya juu ya kijiti, na kimya hicho kinamfanya asiwepo kabisa katika dunia ya bundi anayewinda kwa sikio. Bundi wengine hutegemea jicho zaidi, nayo macho yao ni makubwa na hukusanya mwanga kidogo kwa ustadi ambao jicho la binadamu haliukaribii, lakini chini ya dari la msitu mnene mwanga wa nyota haufiki, na ndege asiyetikisika hafanani na kitu kinacholiwa.

Ukitembea na mwenye kuujua msitu, kwa kibali, saa mbili au tatu za usiku, utawaona wanavyolala. Ndege mdogo wa vichakani hachagui tawi nene karibu na shina, ambako mtu angetarajia. Huchagua ncha ya kijiti chembamba kinachoning'inia, mara nyingi urefu wa mtu mmoja au wawili kutoka ardhini, penye jani moja au mawili juu yake. Kwa chini unachokiona ni tufe dogo la manyoya meupe-meupe lisilo na kichwa, kwa sababu mdomo na uso vimezamishwa nyuma kati ya mabega. Ukimulika, huenda asiamke kabisa. Lakini shika kijiti kile mbali, karibu na shina, ukitikise kwa kidole tu, naye ataruka gizani papo hapo bila kujali anakoelekea. Kijiti ndicho mlinzi wake: kanu au nyoka hawezi kukifuata hadi mwisho bila kukitikisa. Tafadhali usilifanye jaribio hilo kama mchezo, kwani ndege aliyeamshwa gizani haoni pa kutua na anaweza kukesha usiku mzima chini kwenye majani, ambako hatari ni nyingi zaidi.

Wengine hulala kwa makundi. Kuzumburu hujibana pamoja katika rundo, wakining'inia kifua kwa kifua, jambo linalowasaidia kuhifadhi joto. Mabata yamechunguzwa kwa makini zaidi katika jambo hili, na imeonekana kwamba bata aliye pembeni mwa kundi hulala kwa nusu ya ubongo huku jicho lililo upande wa nje likiwa wazi. Kwera na shomoro hufanya jambo ambalo kwa mtazamo wangu ni la hatari kuliko yote: hukusanyika kwa mamia katika mti mmoja au kwenye matete, na huendelea kugombania nafasi kwa kelele hadi giza linapoingia. Hapo bundi mweupe au bundi mkubwa hana haja ya kutafuta. Kelele zimempa mahali, na wingi wa miili umempa uhakika wa kushika mmoja. Bundi wengine wameonekana hata wakipiga mabawa juu ya kichaka ili kuwafurusha waliolala ndani.

Kwa hiyo saa za hatari kwa ndege wadogo si zile za usiku wa manane. Ni saa mbili za mpaka: ile baada ya magharibi, ndege wakiwa bado wanahamahama kutafuta pa kulala, na ile kabla ya jua, wanapoanza kuimba huku kungali na giza. Ndege wenye macho makubwa kwa kiasi cha mwili wao huanza kuimba mapema kuliko wengine, na ndege wa kifua cha chungwa niliyemtaja ni mmoja wa waimbaji wa kiza hicho cha asubuhi. Anayeimba amejitangaza. Hapa ndipo bundi mwenye michirizi anapoingia, kwa maana yeye hutoka jua likiwa linazama, hurudi kuwinda alfajiri, na siku za mawingu huonekana hata mchana. Saa zake zinakutana na saa za ndege wadogo wakiwa macho na wakitembea, wakati bundi wa msituni anaanza kazi ndege hao wakiwa wamekwisha kunyamaza. Wa kuongezwa hapo ni makinda yaliyotoka kiotoni siku hiyo au jana yake, ambayo hayajui kuruka vizuri na bado yanalilia chakula machweo. Hayo ni windo jepesi kwa kila mwenye kucha.

Ndege wadogo wenyewe wanaijua tofauti hii. Asubuhi moja utasikia mramba, shore na chozi wakipiga kelele za hasira mahali pamoja, wakirukaruka kuzunguka tawi ambalo kwa mbali halina kitu. Sogea polepole, utamwona bundi mdogo amekaa, kichwa kinazunguka huku na huku, macho ya manjano yamewaka. Wanamfichua ili jirani wote wajue alipo na ili achoke aondoke. Windo likishamwona mwindaji, faida ya kushtukiza imekwisha. Waongozaji wa watalii wanaotafuta ndege hutumia tabia hiyo kwa kuigiza mlio wa bundi wa jamii hii, na vichaka hujaa ndege kwa dakika chache. Mimi sipendi uigizaji huo ukizidi, hasa wakati wa viota, lakini unathibitisha jambo: ndege hao wasingetumia nguvu na muda kumzomea asiyewadhuru.

Usiku una wauaji wengine, ambao kesi zao hubambikiwa bundi kwa kuwa yeye ndiye anayesikika. Kanu hupanda miti kwa wepesi na huchukua ndege waliolala na makinda kwenye viota. Komba mkubwa naye, ingawa matunda na utomvu ndio chakula chake cha kawaida, hampuuzi ndege anayemkuta. Wapo nyoka wa mitini. Na karibu na nyumba za watu yupo paka, ambaye hana saa.

Ukiniuliza kama bundi wanawamaliza ndege wa Arabuko-Sokoke, jibu langu ni hapana. Ndege na bundi wameishi pamoja katika msitu huu kwa muda mrefu kuliko sisi tulivyokaa kando yake, na idadi ya ndege wa msitu wa joto huamuliwa kwa kiasi kikubwa na kinachotokea kiotoni. Katika misitu ya aina hii viota zaidi ya nusu mara nyingi huharibiwa kabla makinda hayajaruka, na waharibifu ni nyoka, kima, nyani, panya na ndege wakubwa, wengi wao wakifanya kazi hiyo mchana. Huku pwani tumejiongezea kunguru wa Kihindi, aliyeletwa Zanzibar katika miaka ya 1890, na ambaye sasa Malindi na Lamu hakuna asiyemjua; yeye hula mayai na makinda ya kila ndege anayeweza kumfikia. Kuliko hao wote kuna shoka. Muhuhu ulikatwa kwa ajili ya vinyago, mbambakofi kwa milango na samani, na miti minene yenye mashimo ndiyo iliyotangulia. Bundi mdogo wa Sokoke hulala na kuzaa katika mashimo ya miti kama hiyo, na leo yeye mwenyewe yumo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Kuhusu mwembe, nakushauri umwambie baba mkwe, kwa heshima anayostahili na kwa wakati ambao hana wageni, kwamba kuukata hakutawaondoa bundi Gede. Watahamia mti wa pili, na panya waliokuwa wakiliwa juu ya shamba lenu watabaki nanyi. Asiyeridhika na hoja ya panya aelezwe kwamba sheria ya uhifadhi wa wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kuua wanyama wa porini bila idhini, na ndege wamo. Imani ya balaa sitaigusa. Wazee wana yao, na hainisaidii kitu kushindana nayo wakati embe zenyewe ni sababu ya kutosha ya kuuacha mti.

Mambo mawili yaliyo katika uwezo wako yana uzito zaidi. La kwanza ni sumu ya panya. Zile za kisasa, zinazozuia damu kuganda, hazimuui panya papo hapo. Huzunguka siku kadhaa akiwa mlegevu, na bundi anayemla hujilimbikizia sumu hiyo kwenye ini hadi akavuja damu ndani kwa ndani. Tumia mtego. La pili ni taa ya nje inayowashwa usiku kucha. Huwavuta nondo na mbawakawa, nao huwavuta bundi wadogo, na ndege wanaohama usiku huchanganywa na mwanga. Gede hupokea wageni wa namna hiyo kuanzia Aprili hivi, akiwemo yule mwenye tumbo jekundu na mabawa ya kijani anayeonekana chini ya miti ya magofu, ambaye husafiri usiku. Zima taa mkilala, au iwekee kifuniko kinachoelekeza mwanga chini.

Kwa kuwa una wanafunzi, wape kazi ya madonge. Yaokoteni kwa kijiti chini ya mwembe, au chini ya dari la jengo chakavu anakolala bundi mweupe, myaanike juani siku mbili tatu, na kila mtoto anawe mikono kwa sabuni baada ya kuyashika. Loweka donge katika maji ya vuguvugu na ulichambue kwa miiba miwili juu ya karatasi nyeupe. Meno marefu ya rangi ya machungwa ni ya panya. Taya ndefu nyembamba yenye meno madogo yaliyolingana mithili ya msumeno ni ya mjusi. Vipande vyeusi vinavyong'aa ni magamba ya mbawakawa. Ndege mtamjua kwa fuvu jepesi lenye mdomo, au kwa mfupa wa kifua wenye ukingo uliosimama katikati. Andikeni tarehe na hesabu ya kila aina katika daftari moja, kuanzia masika hadi kaskazi, kwa maana chakula cha bundi hubadilika mvua zikibadilika, na madonge ya mwezi mmoja yatawadanganya.